Nani huisukuma chembe ya urani? Swali kutoka ndani ya mawe ya Tarime

Na Mwandishi Wetu, Tarime

MWAKA 2006 wanajiolojia Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Japani, walichapisha matokeo ya upimaji wa umri wa mawe ya ukanda wa Musoma–Mara, ukanda ambao ndimo ilimo dhahabu ya Nyamongo wilayani Tarime. Jibu lilikuwa takriban miaka bilioni 2.67. Mawe hayo yaliganda kabla ya kuwapo mti, samaki wala mnyama wa aina yoyote duniani.

Msomaji akikutana na namba kama hiyo huuliza: wamejuaje, na nani alikuwapo? Swali ni la haki. Jibu lake ni kwamba ndani ya mawe hayo mna saa. Saa hiyo haina betri wala jino hata moja, na kila mpigo wake, kwa kadiri wanafizikia wengi wanavyosema, hutokea bila kitu chochote kuuchochea utokee wakati huo na si mwingine. Ni juu ya jambo hilo wanafizikia na wanafalsafa wamebishana kwa karibu miaka 100 sasa, na ubishi wao unahusu neno ambalo wakazi wa Nyamongo nao wamelitamka mara nyingi, tena kwa uchungu: sababu.

Uwezo uliolala chini ya ardhi

Kabla ya kufika kwenye saa hiyo, tuanze na jambo lililo karibu zaidi na macho. Sehemu kubwa ya mawe yanayofukuliwa pamoja na dhahabu katika migodi ya namna ya Nyamongo huwa na mchanganyiko wa chuma na salfa, ule unaong'aa manjano na kumdanganya mchimbaji mgeni akadhani ametajirika. Mawe hayo yakiwa chini ya ardhi hayamdhuru mtu. Yakiletwa juu, yakakutana na hewa na maji ya mvua, hutengeneza tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha metali zilizomo ndani ya jiwe na kuzichukua hadi kwenye vijito.

Mwaka 2009 maji ya aina hiyo yalivuja kutoka eneo la mgodi wa North Mara na kuingia mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara. Wanavijiji walilalamika kwamba watu na mifugo walidhurika, na kwamba wapo waliokufa. Kampuni ya Barrick, iliyokuwa ikiendesha mgodi huo, ilikiri kwamba maji yalivuja lakini ilikana kwamba yaliua watu. Ikaeleza pia kuwa plastiki iliyotandazwa kuzuia maji hayo ilikuwa imeibwa.

Ukiuondolea mabishano hayo siasa na fedha, hubaki swali moja. Sababu ya kuharibika kwa maji ilikuwa ipi? Ni mwizi wa plastiki? Ni mvua? Ni aliyelifukua jiwe? Au ni jiwe lenyewe, ambalo kwa miaka bilioni 2.67 lilikuwa na uwezo wa kutoa tindikali, ingawa muda wote huo halikutoa hata tone?

Wanafalsafa tangu enzi za Aristotle wa Ugiriki wameliita jambo hilo la mwisho uwezo. Kiberiti kilichomo dukani kina uwezo wa kuwaka hata kama hakuna aliyekinunua. Zebaki ina uwezo wa kuishika dhahabu na kuuacha mchanga. Mchimbaji mdogo huutegemea uwezo huo kupata mkate wake, na zebaki hiyo hiyo ina uwezo mwingine wa kumharibu mishipa ya fahamu anapoichoma na kuvuta moshi wake. Kwa mtazamo huu, vitu havisubiri sheria za maumbile ziviamuru kutoka nje. Kila kitu huja na tabia zake ndani yake, na sheria ni maelezo yetu tu ya namna tabia hizo zinavyojitokeza.

Mtazamo huo ulipigwa vita vikali. Katika mchezo wake wa mwaka 1673, Mfaransa Molière aliwacheka madaktari wa zama zake: wakiulizwa kwa nini afyuni humlaza mtu, hujibu kwamba ni kwa sababu ina uwezo wa kulaza. Jibu hilo, kwa kweli, halimwongezei mtu chochote. Katika karne iliyofuata Mskoti David Hume akaenda mbali zaidi. Alisema macho yetu huona tukio moja likifuatwa na jingine, basi. Uwezo unaofunga matukio hayo pamoja hakuna aliyewahi kuuona. Wanasayansi wengi walimfuata Hume, na hadi mwanzoni mwa karne ya 20 neno uwezo lilikuwa karibu na aibu katika vitabu vya fizikia.

Lililolirudisha ni chembe zinazovunjika zenyewe.

Saa isiyo na kichocheo

Ndani ya mawe yaliyopimwa na kina Manya mna punje za zirkoni. Punje moja mara nyingi ni ndogo kuliko ya chumvi ya mezani. Zirkoni inapoganda kutoka katika mawe yaliyoyeyuka, hukubali atomu chache za urani ziingie katika umbo lake lakini huikataa risasi. Kwa hiyo punje huanza maisha yake ikiwa na urani na karibu isiwe na risasi kabisa. Kisha urani, atomu moja baada ya nyingine, huvunjika na kupita hatua kadhaa hadi kuwa risasi. Risasi yote inayokutwa humo baadaye, ukiondoa kiasi kidogo mno, ni mtoto wa urani iliyokufa.

Urani iko ya namna mbili. Ile nzito, yenye namba 238, hupungua hadi nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, ile nyepesi, yenye namba 235, hupungua hadi nusu kila baada ya miaka milioni 704. Katika punje yenye umri wa miaka bilioni 2.67, urani nzito hubaki kama asilimia 66 ya ile ya awali, na nyepesi hubaki kama asilimia 7 tu. Saa mbili zinazokwenda kwa kasi tofauti zikisoma umri mmoja, mpimaji hulala usingizi.

Sasa itazame atomu moja. Gramu moja ya urani nzito huwa na atomu zipatazo bilioni 2,500 zikizidishwa mara bilioni moja, na kati ya hizo kama 12,400 huvunjika kila sekunde. Kwa nini hizo 12,400 na si jirani zao? Atomu za urani nzito zote ni sawa kwa kila hali. Iliyokaa miaka bilioni mbili bila kuvunjika haijachakaa wala kuzeeka. Nafasi yake ya kuvunjika leo ni ile ile ya siku ya kwanza. Ukiipasha moto, ukiigandisha kwa baridi au ukiigonga kwa nyundo, mwendo wake haubadiliki. Mawe ya Tigithe yalihitaji hewa na maji yaamke. Urani haihitaji yeyote wa kuiamsha.

Mtu asidhani kwamba hapa hapana maelezo kabisa. Mwaka 1928 George Gamow, mzaliwa wa Odessa, na kwa wakati huo huo Ronald Gurney na Edward Condon nchini Marekani, walieleza jinsi kiini cha atomu kinavyovunjika. Chembe iitwayo alfa imefungwa ndani ya kiini kama ng'ombe ndani ya boma. Kwa hesabu za zamani haiwezi kutoka, kwa kuwa nishati yake ni chini ya robo ya ile inayotakiwa ili kuruka ukuta. Nadharia ya kwanta inasema chembe si kijiwe kidogo kilichokaa mahali pamoja; hali yake ni kama wimbi, na wimbi hilo halikomi ghafla ukutani. Sehemu yake ndogo mno hupenya hadi nje. Ukubwa wa sehemu hiyo ndio unaotoa nafasi ya chembe kukutwa nje siku moja.

Nadharia hiyo ina meno. Ukuta ukiwa mnene kidogo zaidi, au chembe ikiwa na nishati pungufu kidogo, nafasi hiyo hushuka kwa kiwango kikubwa ajabu. Poloni yenye namba 212 hutoa alfa yenye nishati takriban mara mbili tu ya ile ya urani nzito, lakini hupungua hadi nusu kwa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, ambapo urani huchukua mabilioni ya miaka. Hesabu ya Gamow iliielewa tofauti hiyo kubwa mno kwa mkupuo mmoja. Inaeleza kwa nini urani ina mwendo wake na poloni ina wake. Haisemi atomu hii itavunjika lini, na si kwa sababu Gamow alisahau kipengele fulani.

Majibu matatu

Wapo waliosema kipengele hicho kipo, ila kimejificha. Albert Einstein hakuridhika hata mara moja na maumbile yanayobahatisha, na mwaka 1952 David Bohm alionyesha kwamba inawezekana kuandika nadharia ambamo kila chembe ina njia yake kamili na matokeo yote hubaki yale yale. Katika picha ya Bohm urani huvunjika leo kwa sababu alfa yake ilianzia mahali fulani hasa. Hatuwezi kupajua, lakini papo.

Wengine, wakimfuata Hume, walisema swali lenyewe halina maana. Kuna atomu nyingi, kuna idadi inayovunjika, na idadi hiyo inafuata kanuni. Ukitaka zaidi ya hapo unatafuta hadithi. Pembeni yao wamesimama wafuasi wa Hugh Everett, ambaye mwaka 1957 alipendekeza kwamba yote yanayowezekana hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba matawi hayo humshinda kuyameza.

Jibu la tatu ndilo la uwezo. Werner Heisenberg, mmoja wa waasisi wa nadharia ya kwanta, aliandika mwaka 1958 kwamba wimbi la kwanta linafanana na kile Aristotle alichokiita uwezekano: kitu kilichopo nusu njia kati ya wazo la tukio na tukio lenyewe. Katika miaka hiyo hiyo Karl Popper alidai kwamba nafasi tunayoihesabu si kipimo cha ujinga wetu. Ni mwelekeo halisi uliomo katika vitu na mazingira yake. Baada yao Nancy Cartwright, katika kitabu chake cha mwaka 1989, aliutetea uwezo kama msingi wa sayansi yote, na mwaka 2011 Stephen Mumford na Rani Lill Anjum wakaandika kitabu kizima kuhusu jinsi usababishaji unavyotokana na uwezo.

Kwa jibu hili, urani ina uwezo wa kuvunjika ambao una kipimo, ni wa kweli kama uzito wake, na haungoji kichocheo. Kusema kwamba tukio halina kichocheo si sawa na kusema limetoka hewani. Risasi iliyomo katika zirkoni ya Tarime imetokana na urani, haikutokana na kitu kingine, na kiasi chake kilipangwa na uwezo wa urani. Elizabeth Anscombe wa Uingereza alilisema hilo waziwazi mwaka 1971: kuzaa jambo na kulilazimisha litokee ni mambo mawili, na watu wameyachanganya kwa muda mrefu.

Je, Molière hawezi kucheka tena? Anaweza, kama mtu ataishia kusema urani huvunjika kwa kuwa ina uwezo wa kuvunjika. Lakini anayesema uwezo huo unatokana na kimo cha ukuta, nishati ya alfa na wimbi linalopenya, kisha akatabiri mwendo wa poloni ambayo hajaipima, huyo ametoa maelezo ambayo daktari wa afyuni hakuwa nayo.

Mapacha wa Sirari na Mugumu

Hata hivyo jibu la uwezo nalo lina mwiba, na mwiba huo uligunduliwa mwaka 1964 na John Bell, mzaliwa wa Belfast.

Fikiria mapacha wawili waliotenganishwa, mmoja Sirari mpakani, mwingine Mugumu wilayani Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara. Kila mmoja anaulizwa swali moja kati ya matatu, nalo linajibiwa kwa ndiyo au hapana. Wakati wowote wanapoulizwa swali lile lile, majibu yao yanafanana bila kukosea. Mtu mwenye akili atasema walikubaliana majibu yote matatu kabla ya kuachana. Sawa. Lakini kama majibu ni matatu na kila moja ni ndiyo au hapana, lazima angalau mawili yafanane. Kwa hiyo wanapoulizwa maswali tofauti, wakichaguliwa bila upendeleo, watafanana angalau mara moja katika kila tatu. Hapana namna ya kukwepa hesabu hiyo.

Chembe mbili zilizozaliwa pamoja, zikipimwa katika pande tatu zilizochaguliwa vizuri, hufanana mara moja katika kila nne. Vipimo vya John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger, vilivyoanza mwaka 1972 na vilivyowapa watatu hao Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022, vimethibitisha kwamba maumbile hufuata nadharia ya kwanta na kuvuka mpaka wa Bell. Chembe hizo hazikuwa na majibu mfukoni. Na ukitaka kushikilia kwamba walikuwa nayo, kama alivyofanya Bohm, lazima ukubali kwamba kinachofanyika Sirari kinagusa Mugumu papo hapo.

Kwa mtu wa uwezo maana yake ni nzito. Jiwe la Nyamongo linaweza kuchukuliwa peke yake hadi maabara na tabia zake zikaorodheshwa moja moja. Chembe za Bell zinakataa. Uwezo unaoeleza majibu yao si wa huyu wala wa yule, ni wa wawili hao kwa pamoja, hata wakiwa wametenganishwa na mto. Fikra ya Aristotle, kwamba kila kitu kimebeba tabia zake chenyewe, hupona kwa sharti kwamba tukubali kuwa "kitu" huenda kikawa jozi nzima. Wapo wanaoona gharama hiyo ni ndogo. Wengine wanaona kwamba hapo uwezo umepoteza kile kilichoufanya upendwe tangu mwanzo.

Kinachobaki kwa mtu wa kando ya mto

Neno kwanta limepata wafanyabiashara. Mijini wapo wanaotangaza kupima mwili mzima kwa mashine ya kushika mkononi wanayoiita ya kwanta, na wapo wanaohubiri kwamba sayansi mpya imeonyesha kila kitu kinawezekana. Urani inasema kinyume. Nafasi yake ya kuvunjika imebanwa kiasi kwamba umri wa jiwe la miaka bilioni 2.67 hupimwa kwa kukosea miaka milioni chache tu.

Kwa wakazi wa Nyamongo kuna fundisho la karibu zaidi, ingawa linahitaji uangalifu. Arseniki ni miongoni mwa vitu ambavyo maji yenye tindikali yanaweza kuvitoa katika mawe ya dhahabu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, na arseniki ya kwenye maji inajulikana kusababisha saratani. Lakini haisababishi kwa kila anayekunywa. Inaongeza nafasi. Wakili anayedai kwamba, kwa kuwa huwezi kuonyesha ni nini hasa kilichomwangusha mgonjwa huyu na kumwacha jirani yake, basi hakuna sababu, anarudia kosa alilolitaja Anscombe: anadai kulazimisha mahali ambapo kuzaa kunatosha.

Tofauti na urani ipo, na haifai kufichwa. Mgonjwa mmoja mmoja huenda ana sababu zake ambazo daktari angeziona kama angekuwa na vipimo vya kutosha: umri, chakula, kisima anachotumia. Atomu ya urani, ukimwondoa Bohm, haina siri ya namna hiyo. Ila njia ya kuupima uwezo ni ile ile kwa wote wawili. Hauonekani katika mmoja. Unaonekana katika wengi. Mpimaji wa zirkoni hahangaiki na atomu moja, na anayetaka kujua kama maji ya Tigithe yamefanya kazi hawezi kutosheka na mgonjwa mmoja aliyeletwa mbele ya kamera. Lazima awahesabu waliokunywa na wasiokunywa, walio juu ya mgodi na walio chini yake, na apate kumbukumbu za maji za kabla ya mwaka 2002, mgodi ulipoanza kuzalisha.